Kuandika kwa sauti kwenye ordinatere: kitufe gani kinafungua mikro, na kinafunga namna gani?

Programu za kuandika kwa sauti zinasikiliza mtu anaposema, kisha zinaandika maneno yake kwenye ekra. Kwa miaka mingi zilikuwa kitu cha watu wachache wenye uwezo wa kununua programu ya bei kali. Leo ziko tayari ndani ya Windows, ndani ya Mac na ndani ya Google Docs, na gharama kubwa inayobaki ni ya intaneti. Mwanafunzi wa Bunia anayeandika TFC yake, karani wa parokia ya Kindu, mfanyakazi wa shirika huko Uvira ao mwenye nyumba ya saisi huko Butembo, wote wanaweza kuzitumia.

Lakini wengi wanajifunza nusu tu. Wanajua kubofya kipicha cha mikro kwa kipanya, hawajui vitufe vinavyoifungua na kuifunga. Hapo njo shida inaanzia. Mikro inabaki wazi, telefone inaita, mwenzako anaingia na kusema jambo la siri, na yote yanaingia kwenye ukurasa ao yanaondoka kupitia intaneti. Makala hii inaeleza vitufe hivyo, namna ya kuvibadilisha kama havifai, na kwa nini ni vizuri vidole vivijue bila macho kuangalia.

Njia ya mkato ni nini?

Njia ya mkato, ao rakursi kama wengi wanavyosema kazini, ni kitufe kimoja ao vitufe viwili-vitatu vinavyobonyezwa pamoja ili mashini ifanye kazi fulani mara moja. Karibu kila mtu anajua Ctrl na C kwa kukopi, Ctrl na V kwa kubandika, Ctrl na S kwa kuhifadhi. Kuandika kwa sauti kuko na vitufe vyake pia.

Kuko aina mbili za kufungua mikro, na sherti kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni ya kufungua na kufunga kwa kitufe kilekile. Unabonyeza mara moja, mikro inafunguka na inabaki wazi. Unabonyeza tena, inafungwa. Windows, Google Docs na Mac zinafanya vile.

Aina ya pili ni ya kushikilia. Mikro iko wazi wakati kidole kiko juu ya kitufe, ukikiachilia inafungwa. Watu waliotumia fonia katika vituo vya afya, parokia na mashirika wanajua kazi hiyo: ukibonyeza unasema, ukiachilia unasikiliza. Programu kadhaa za kuandika kwa sauti zinakupa nafasi ya kuchagua aina hii. Inachosha kidole kama maandishi ni marefu, lakini haiwezi kusahauliwa wazi.

Anayetumia aina ya kwanza anapaswa kujizoeza jambo moja: kuangalia alama ya mikro kila anapoacha kusema. Kwenye Windows ya sasa, kipicha kidogo cha mikro kinaonekana chini ya ekra, karibu na saa, wakati programu yoyote inatumia mikro.

Vitufe vilivyo tayari

Windows 10 na Windows 11. Kwanza weka kasa, kile kijistari kinachowaka na kuzimika, mahali unapotaka maneno yaingie: ndani ya Word, ndani ya barua pepe, hata ndani ya WhatsApp ya kwenye ordinatere. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha, pamoja na H. Kisanduku kidogo chenye mikro kinatokea. Ukikisha kusema, bonyeza tena Windows na H. Kazi hii inahitaji intaneti. Lugha inayoandikwa ni ile ya klavie iliyochaguliwa wakati ule. Kama klavie iko katika Kiingereza na wewe unasema Kifaransa, yatatoka maneno ya ajabu. Kubadilisha lugha, bonyeza Windows na kitufe kirefu cha nafasi, mradi lugha ya pili imewekwa katika mashini.

Google Docs. Fungua ukurasa ndani ya Chrome ao Edge, kisha bonyeza Ctrl, Maj na S kwa pamoja. Kwenye Mac ni Cmd, Maj na S. Njia ndefu ni kupitia menyu ya Outils, halafu Saisie vocale. Mikro kubwa inaonekana pembeni. Ikiwa nyekundu, inasikiliza. Juu ya kisanduku hicho unachagua lugha, na Kiswahili kimo, cha Kenya na cha Tanzania.

Mac. Ingia katika Réglages Système, Clavier, kisha Dictée. Hapo unawasha kazi hiyo na kuchagua vitufe unavyotaka. Kwenye Mac kadhaa za karibuni, kitufe cha F5 kiko na picha ya mikro. Kitufe cha Échap kinafunga.

Dragon. Hii ni programu ya kununua, na iko katika Kifaransa lakini haina Kiswahili. Mikro yake inafunguliwa na kufungwa kwa alama ya + iliyo upande wa kulia wa klavie, pamoja na tarakimu. Alama ya - ya upande uleule inafungua kisanduku cha kusahihisha. Mtu anaweza kubadilisha vitufe hivyo ndani ya Options.

Shida za klavie ya AZERTY

Maelezo mengi yaliyo kwenye intaneti yameandikwa kwa watu wenye klavie ya Kiingereza, ile ya QWERTY. Katika mikoa ya mashariki mashini nyingi ziko na AZERTY, nyingine ni za Ufaransa na nyingine za Ubelgiji. Nyingine tena zimefika kupitia masoko ya inchi jirani na ziko na QWERTY. Jambo hili linaleta vikwazo vinne.

Cha kwanza ni majina ya vitufe. Shift ya Kiingereza ni Maj ya Kifaransa, na mara nyingine haina jina, ni mshale mnene unaoelekea juu. Delete ni Suppr. Escape ni Échap.

Cha pili, vitufe vingine vya mkato havifikiki. Word ya Microsoft 365 inafungua mikro kwa Alt na ile alama ndogo ya nukta iliyolala, ambayo kwenye QWERTY ya Marekani iko juu kabisa upande wa kushoto. Kwenye AZERTY ya Ufaransa alama hiyo iko kwenye kitufe cha 7 na inahitaji AltGr. Basi anayetumia Word kwenye AZERTY atumie tu Windows na H. Herufi H iko mahali pamoja kwenye AZERTY na QWERTY.

Cha tatu ni AltGr yenyewe. Kwa Windows, AltGr ni sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja. Mtu akichagua Ctrl, Alt na 0 kuwa kitufe chake cha mikro, ameharibu @ ya klavie ya Ufaransa, kwa maana @ iko pale pale. Kwenye klavie ya Ubelgiji @ iko kwenye 2. Siku atakapotaka kuandika anwani ya barua pepe, mikro itafunguka na @ haitatokea. Kwa hiyo, kwenye AZERTY, usichague Ctrl na Alt pamoja na tarakimu za juu, wala pamoja na E, kwa sababu hiyo inaandika alama ya euro.

Cha ine ni ordinatere ndogo za kubeba, ambazo nyingi hazina upande wa tarakimu. Dragon inasubiri + ambayo haiko. Mwenye mashini kama hiyo afungue Options na kuweka kitufe kingine kabla ya kuanza kazi.

Kitufe kilekile, kazi tofauti

Kila programu inaweza kupa vitufe maana yake. Ctrl, Maj na S inafungua mikro ndani ya Google Docs. Ndani ya LibreOffice, vitufe hivyohivyo ni vya kuhifadhi kwa jina jingine. Windows na H inafungua mikro, lakini Ctrl na H ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs inafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha maneno. Mtu aliyechoka anaweza kubonyeza moja akitaka nyingine. Si hatari kubwa, abonyeze Échap na kuanza tena. Lakini ni sababu nzuri ya kuchagua programu moja, kujifunza vitufe vyake vizuri, na kuacha nyingine kwanza.

Namna ya kuweka kitufe chako mwenyewe

Windows haikupi nafasi ya kubadilisha Windows na H ndani ya Paramètres. Kuko programu ya bure ya Microsoft yenyewe, inaitwa PowerToys. Ndani yake kuko sehemu ya kupanga klavie, ambapo unaweza kusema: nikibonyeza kitufe hiki ambacho situmii, mashini ifanye kama nimebonyeza Windows na H. Ni programu nzito, mega mia na zaidi, basi ipakuliwe mahali penye wifi nzuri. Tena sherti iwe imewashwa, kama sivyo kitufe kinarudi kwa kazi yake ya zamani. Windows na L, inayofunga mashini, pamoja na Ctrl, Alt na Suppr haziwezi kubadilishwa.

Anayetumia Linux, kwa mfano Ubuntu, anaingia katika Paramètres, Clavier, kisha anaongeza njia yake ya mkato na kuandika programu gani ifunguke. Kuko programu za bure kwa Linux zinazotumia Vosk, mfumo wa kutambua sauti ambao una kifurushi kidogo cha Kifaransa chenye uzito wa chini ya mega 50. Kikiisha kupakuliwa, hakihitaji tena intaneti.

Kitufe kizuri kiko na sifa hizi:

- Hakiandiki herufi wala alama unayohitaji.
- Hakina kazi nyingine katika programu unazofungua kila siku. Usiguse Ctrl na C, V, X, Z, S ao P. Usikaribie Alt na F4, ambayo inafunga dirisha.
- Kinafikiwa kwa mkono mmoja, vizuri zaidi wa kushoto, ili wa kulia ubaki kwenye kipanya ao kwenye karatasi.
- Si rahisi kukibonyeza kwa bahati mbaya.
- Ni kilekile kwenye mashini zote za ofisi, kama inawezekana. Mfanyakazi akihama meza, vidole vyake vinajua.

Vitufe vya F1 hadi F12 vinapendeza kwa kazi hii, lakini kwenye ordinatere nyingi za kubeba vinaongoza sauti na mwangaza, na vinahitaji Fn. Jaribu kwanza kabla ya kuamua. Kisha andika kitufe ulichochagua kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya ekra. Kisipotoka kichwani baada ya juma moja, toa karatasi.

Kwa wenye mkono mmoja, na kwa wasioona

Kwa watu wengi kuandika kwa sauti ni kuharakisha tu kazi. Kwa mtu aliyepoteza mkono, kwa mwenye vidole vilivyokufa ganzi, ao kwa asiyeona, njo mlango wenyewe wa kazi. Na mlango huo unaweza kufungwa na jambo dogo: vitufe vitatu vya kubonyeza kwa wakati mmoja.

Windows iko na jibu lake. Bonyeza Maj mara 5 mfululizo. Mashini itauliza kama unataka kuwasha kazi inayoitwa Touches rémanentes. Ukikubali, unaweza kubonyeza Ctrl, uachilie, kisha Maj, uachilie, kisha S, na mashini inahesabu kama umevibonyeza pamoja. Mkono mmoja unatosha, hata kidole kimoja. Watu wengi wanaona swali hilo likitokea kwa bahati mbaya na wanalifukuza bila kujua ni la nini.

Asiyeona anaweza kutumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inayosoma kwa sauti vitu vilivyo kwenye ekra. Lakini hapa kuko mtego. NVDA ikisoma kupitia spika, mikro inasikia ile sauti na kuiandika kama maneno ya mtu. Basi sherti kuvaa ekutere. Pia sherti kuhakikisha kitufe cha mikro hakigongani na kitufe cha Inser, ambacho NVDA inakitumia kwa amri zake nyingi.

Kusahihisha bila kuacha klavie

Mashini inasikia vibaya, hilo ni la kawaida. Anayechukua kipanya kwa kila kosa anapoteza muda wote aliouokoa. Vitufe hivi vinasaidia:

Ctrl na Z inaondoa kilichoandikwa mwisho.
Ctrl na kitufe cha kufuta nyuma inafuta neno lote la mwisho, kwa mara moja.
Ctrl, Maj na mshale wa kushoto inachagua neno la nyuma. Likisha kuchaguliwa, fungua mikro na uliseme tena, jipya litachukua nafasi ya lile baya.
Ctrl na H inabadilisha kosa lililorudi mara nyingi katika maandishi yote.

Majina ya watu na ya mahali njo yanaumia zaidi. Nyiragongo, Rutshuru, Walikale, Fizi, Mahagi: programu iliyofundishwa kwa Kifaransa cha Ulaya haijazoea majina haya na itayageuza kuwa maneno mengine. Kuko njia nzuri ya kuzunguka shida hiyo. Ndani ya Word, katika sehemu ya Correction automatique, andika kifupisho, kwa mfano «nrg», na jina lote mbele yake. Ukifika kwenye jina, funga mikro, piga herufi tatu na nafasi, jina linatokea bila kosa. Kisha fungua mikro na kuendelea. Dragon inakubali kuongezewa majina katika kamusi yake, na inafaa kuyaongeza yote ya kazi yako kabla ya kuanza.

Kuhusu alama za kituo, ndani ya Google Docs unaweza kusema «virgule», «point» ao «point d'interrogation» ukiwa katika Kifaransa. Katika Kiswahili kazi hiyo haiko. Maneno yatatoka kama mto, bila kituo. Njia ya kufanya ni kusema sentensi moja, kufunga mikro, kupiga nukta kwa kidole, na kufungua tena. Hapa tena mtu anaona faida ya kitufe cha haraka, kwa sababu atakibonyeza mara nyingi katika ukurasa mmoja.

Kiswahili kipi?

Google ilitangaza kuingiza Kiswahili katika kuandika kwa sauti mwezi wa 8 mwaka 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine, jumla 30. Mwezi wa 9 mwaka 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa Whisper, mfumo ulio wazi kwa wote, ambao unaweza kufanya kazi ndani ya ordinatere bila intaneti, na Kiswahili kiko kati ya lugha zake. Mashini yenye nguvu ndogo inafanya kazi hiyo polepole.

Kiswahili kiko kati ya lugha ine za taifa zilizotajwa na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini Kiswahili ambacho Google Docs inaonyesha ni cha Kenya na Tanzania. Anayesema «batu wameenda ku masomo» ao anayechanganya Kifaransa katikati ya sentensi atapata maandishi yaliyovunjika. Kuko mambo mawili ya kufanya. La kwanza, kusema polepole Kiswahili cha vitabu, kama mtu anayesoma habari redioni, na kurudisha mtindo wake baadaye kwa vidole. La pili, kama maandishi ni ya Kifaransa, kubaki katika Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho wa kipande, na kubadilisha lugha tu wakati mikro imefungwa.

Sauti inaenda wapi?

Swali hili wengi hawalifikirii, na lingepaswa kuja la kwanza. Mtu anapotumia Windows na H, sauti inatumwa kupitia intaneti hadi kwenye mashini za Microsoft, kule inageuzwa kuwa maandishi, na maandishi yanarudi. Saisie vocale ya Google Docs ndani ya Chrome nayo inapita kwenye intaneti. Kwa barua ya kuomba kazi, hakuna shida. Kwa ushuhuda wa mtu aliyetendewa ubaya, kwa jina la mtoto aliyepokelewa kituoni, kwa karatasi ya mgonjwa, ao kwa mahali ambapo familia fulani imekimbilia, mambo ni mengine kabisa.

Katika mikoa ambako jina moja likisikika mahali pasipofaa linaweza kuleta hatari juu ya mtu, kitufe cha kufunga mikro ni sehemu ya ulinzi wa siri. Code du numérique, iliyotolewa kwa sheria ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inalinda habari za kibinafsi katika Kongo. Lakini sheria haifungi mikro iliyosahauliwa wazi mezani.

Wanaopokea watu na kuandika maneno yao, kama waandishi wa habari, waganga, mawakili, makarani wa mashirika na ya makanisa, wafuate kanuni hizi:

- Mikro ya kuandika kwa sauti isiwe wazi hata kidogo wakati mtu mwingine anasema katika chumba.
- Usiweke mikro mbele ya mgeni ili mashini iandike maneno yake, kama hajaelezwa na kukubali.
- Ukirudia ushuhuda kwa sauti yako mwenyewe, acha majina. Sema «mama wa kwanza», «kijana wa pili», kisha andika majina kwa vidole, ao yaache katika daftari peke yake.
- Kwa habari nzito kabisa, tumia mfumo usiohitaji intaneti, na uhakikishe kwa kuzima wifi kwanza. Ikiendelea kuandika, ni kweli inafanya kazi ndani.
- Kabla ya kutuma maandishi, yasome yote. Neno lililosikiwa vibaya linaweza kumgeuza shahidi kuwa mshitakiwa.

Kurante, mvua na makelele

Mikro iliyo ndani ya ordinatere inasikia kila kitu: grupu ya jirani, moto zinazopita, na mvua juu ya manjanja. Ekutere zenye mikro karibu na kinywa, hata zile za bei ya chini zinazokuja na telefone, zinasaidia sana. Mvua ikipiga, afazali kufunga mikro na kusahihisha yaliyokwisha kuandikwa.

Kurante ikikatika na ruta ya wifi ikizimika, programu za intaneti zinaacha kusikia, hata kama ordinatere yenyewe iko na batri. Mtu anaendelea kusema na hakuna kinachoandikwa. Basi macho yabaki kwenye ekra, na ndani ya Word ao LibreOffice mkono ubonyeze Ctrl na S kila baada ya kipande.

Zoezi la nusu saa

Anayeanza leo asichukue TFC nzima. Achukue ukurasa mmoja wa kitabu cha Kifaransa. Dakika 5 za kwanza, afungue na kufunga mikro mara 20 bila kusema kitu, akiangalia alama inavyobadilika. Dakika 10 zinazofuata, asome sentensi moja-moja, na kufunga mikro mwisho wa kila moja. Dakika 10 nyingine, asahihishe kwa vitufe tu, kipanya kikiwa mbali. Dakika 5 za mwisho, aombe mtu amuite kwa gafla akiwa anasema, naye afunge mikro kabla ya kumujibu.

Akiweza hilo la mwisho mara tatu mfululizo bila kuangalia klavie, yuko tayari kwa kazi ya kweli.

Kwa kufupisha: vitufe vya kukumbuka

Windows 10 na 11: Windows na H, kufungua na kufunga.
Kubadilisha lugha ya klavie katika Windows: Windows na kitufe cha nafasi.
Google Docs: Ctrl, Maj na S. Kwenye Mac: Cmd, Maj na S.
Mac: kitufe ulichochagua katika Dictée, na Échap kwa kufunga.
Dragon: + ya upande wa tarakimu, ao kitufe ulichoweka katika Options.
Kubonyeza kitufe kimoja-kimoja: Maj mara 5, kisha kukubali.
Kuondoa kosa: Ctrl na Z. Kuhifadhi: Ctrl na S.